Kutomkwaza Ndugu Katika Imani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara kwenye madarasa ya waumini wapya, kwenye jumuiya ndogo ndogo na ofisini kwa wachungaji. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine. Mistari iliyonukuliwa ni ya Biblia ya Union Version.

## Mambo ya msingi

1. Kumkwaza ndugu katika imani ni kufanya nini hasa?

Ni kumfanya atende dhambi, au atende jambo ambalo dhamiri yake inamwambia ni dhambi, au avunjike moyo mpaka amwache Kristo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko 1 Wakorintho 8. Muumini aliyetoka juzi kwenye ibada ya sanamu anamwona mwenzake wa siku nyingi ameketi kula hekaluni mwa sanamu. Kwa yule wa siku nyingi, nyama ni nyama. Huyu mchanga anatiwa moyo, naye anakula. Lakini moyoni mwake nyama ile bado ni ya mungu wake wa zamani, kwa hiyo kula kwake ni kurudi kuabudu. Wamekula sahani moja. Mmoja ameondoka salama, mwingine ameanguka. Ndiyo maana Paulo anaandika katika Warumi 14:23 kwamba “kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi”. Chakula chenyewe hakikuwa na shida. Shida ni kwamba mtu amesukumwa kuikanyaga dhamiri yake, na aliyeikanyaga mara moja huikanyaga kirahisi zaidi mara ya pili, hata pale dhamiri inaposema kweli.

2. Mtu akiniambia “umenikwaza”, ni lazima iwe nimemkwaza kweli?

Hapana. Makanisani mwetu neno hilo hubeba mambo mengi: kuudhika, kutopendezwa, kutosalimiwa, hata kukatishwa hoja kwenye kikao. Yote hayo yanahitaji upole na pengine msamaha, lakini si yale ya Warumi 14.

Msikilize kwanza amalize, kisha muulize mambo mawili. Je, nilichofanya kinakuvuta na wewe ukifanye huku moyo wako unakataa? Je, kimekupunguzia imani, ukaacha kuomba, kusoma Neno au kuja ibadani? Jibu likiwa ndiyo kwa moja kati ya haya, acha kujitetea, nenda swali la 14. Likiwa hapana kwa yote mawili, basi ameudhika. Usimwambie “hujakwazika, umeudhika tu”. Hayo ni maneno ya kumdharau. Tatua lililomuudhi kama mngetatua jambo jingine lolote kati ya ndugu wawili.

3. “Aliye dhaifu” ni nani?

Si maskini, wala asiyesoma, wala mwenye tabia mbaya. Ni mtu ambaye dhamiri yake inamkataza zaidi ya Maandiko yanavyokataza, mara nyingi kwa sababu ya alikotoka. Huko Rumi walikuwapo waliokula mboga tu na walioitukuza siku moja kuliko nyingine. Mtu anaweza kuwa na nguvu kwenye jambo moja na dhaifu kwenye jingine: mzee wa kanisa aliyekuwa mlevi miaka ya nyuma anaweza kufundisha Biblia vizuri na bado asiweze kukaa meza moja na chupa ya bia.

Wanaohitaji uangalifu wa kwanza ni waumini wapya, walioacha ulevi, kamari au uganga, watoto na vijana wanaowatazama wakubwa, na wale waliokwisha kuumizwa na kanisa jingine kabla ya kufika kwenu. Hawa wa mwisho husahaulika sana.

4. Kama jambo si dhambi, kwa nini niliache kwa sababu ya mtu mwingine?

Kwa sababu yeye ana thamani kuliko haki yako ya kulifanya. “Kwa chakula chako usimharibu yeye ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake” (Warumi 14:15). Yesu mwenyewe alipodaiwa kodi ya hekalu alimweleza Petro kwamba wana hawalipi, kisha akailipa wasije wakawakwaza wale watozaji (Mathayo 17:24–27). Paulo alikuwa na haki ya kutunzwa na Wakorintho, lakini hakuitumia, ili asiizuie Habari Njema (1 Wakorintho 9:12).

Hakuna hapa aliyesema haki haikuwepo. Walikuwa nayo, wakaiweka chini kwa hiari. Ukiiacha huku unanung'unika na kuwasimulia watu jinsi ulivyojinyima, unamlemea yule yule uliyetaka kumlinda.

## Vyakula, vinywaji, mavazi na sherehe

5. Kanisa letu halikatazi pombe. Nifanye nini kwenye harusi au sherehe?

Kwanza Biblia inakataza ulevi waziwazi, na hilo halina mjadala wa walio na nguvu na walio dhaifu. Tunazungumzia mtu anayekunywa kwa kiasi, na kanisa lake linaruhusu.

Ukiwa mgeni kwenye meza yenye mtu aliyeacha pombe, kunywa soda siku hiyo. Usitangaze kwamba unafanya hivyo kwa ajili yake. Utamvua nguo mbele ya watu.

Ukiwa mwenyeji au mwanakamati, tenganisha mapema. Vinywaji visivyo na kilevi viwe na meza yake, barafu yake na mhudumu wake, viwe vingi na vya baridi kama vile vingine. Mahali pengi kosa hutokea hapa: bia zinamiminika, soda zinakwisha saa mbili usiku, na aliyeacha pombe anabaki na glasi tupu huku kila mtu akimhimiza. Shampeni ya kukata keki ikiwa haina kilevi, mshereheshaji aseme hivyo kwa sauti kabla ya kugonga glasi, maana kwa macho haitofautiani. Na akatazwe kuwalazimisha watu kunywa kwa kuwataja majina.

Kwenye shughuli za ukoo ambako pombe ya kienyeji ni sehemu ya heshima, kama mbege kwa Wachaga wakati wa posa, ongea na mshenga au mjomba siku kadhaa kabla. Heshima inaweza kupokelewa kwa mkono na kupitishwa kwa mwingine bila kunywa, au kikombe cha ndugu aliyeacha pombe kikatiliwa kinywaji kingine. Ukisubiri mpaka kibuyu kimemfikia mbele ya wazee, umechelewa.

Kuhusu divai ya Meza ya Bwana: aliyeacha ulevi aongee na mchungaji au padri mapema. Makanisa mengi hutumia juisi ya zabibu. Kwa Wakatoliki, anayepokea Mwili peke yake amepokea komunyo kamili. Viongozi wasingoje aombe. Aliye dhaifu mara nyingi huona aibu kuomba.

6. Ninakula kitimoto (nyama ya nguruwe), mwenzangu Msabato hali. Tunaishi nyumba moja.

Yeye anafuata sheria ya Walawi 11, wewe huoni kwamba inakufunga. Warumi 14:3 inawapa kila mmoja amri yake: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Kwa vitendo: usipikie kwenye sufuria na mafuta mnayochangia, usimwekee mezani ukamwambia baadaye, na usimfanyie utani. Kumlisha mtu kwa hila kitu ambacho dhamiri yake inakataa ni kumkwaza kwa makusudi. Mkishindwa kugawana vyombo, kula kitimoto chako nje. Hilo ni dogo.

7. Nyama ya tambiko, au nyama ya buchani iliyochinjwa na mtu wa dini nyingine, je?

Paulo anatofautisha mahali patatu. Sokoni: “Kila kitu kiuzwacho sokoni kuleni, bila kuuliza-uliza, kwa ajili ya dhamiri” (1 Wakorintho 10:25). Nyama ya buchani iko hapa, aliyechinja akiwa Mwislamu au Mkristo. Mezani kwa mtu aliyekualika: kula unachowekewa, lakini mtu akikuambia kwamba kimetolewa sadaka kwa miungu, usile, kwa ajili ya dhamiri yake yeye aliyekuambia. Kwenye ibada yenyewe ya sanamu: usishiriki kabisa, kwa sababu huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani (10:21).

Tambiko la ukoo ni la mahali pa tatu, likitangazwa kama sadaka kwa wahenga. Hili humgusa sana muumini aliyetoka huko karibuni, na hapa wakubwa wengi wa imani humwangusha, kwa sababu wao hula wakisema “sisi haitudhuru”. Pengine kweli haiwadhuru. Yeye anawatazama.

Kutoshiriki tambiko kusigeuke kuususia msiba. Fika mapema, chota maji, pasua kuni, lala msibani, peleka mchele, mafuta na sukari, changa kama wengine. Ikifika saa ya kumwaga pombe kaburini, kaa upande wa jikoni. Kama mna mchanga wa imani kwenye familia hiyo, mmoja wenu aende naye, akae naye mwanzo mpaka mwisho.

8. Mavazi: suruali kwa wanawake, hereni, rasta, nguo za kubana?

Makanisa yanatofautiana, na mengi ya haya ni desturi. Ukienda kuhudumu kwenye kanisa lenye desturi kali kuliko lenu, fuata ya kwao siku hiyo. Mgeni akija kwenu kinyume cha desturi yenu, asisimamishwe mlangoni wala asiimbiwe pambio la mafumbo. Kama ni lazima, dada mmoja ampe khanga kimya kimya, na akikataa aachwe akae. Mtu anayetamani kwa macho naye ana agizo lake: Mathayo 5:29 inamwambia mtazamaji ashughulike na jicho lake. Tusiwabebeshe wanawake mzigo wote.

## Fedha na uongozi

Watu hubishana sana juu ya chakula na mavazi. Lakini ukiwauliza waliokwisha kuacha ibada kwa nini wameacha, fedha na uonevu hutajwa haraka sana. Soma sehemu hii polepole.

9. Washirika wenzangu wanakopeshana mpaka wanaacha kusalimiana. Tufanyeje?

Usimkopeshe ndugu kiasi ambacho kisiporudi utamchukia. Kama huwezi kukipoteza, mpe kidogo kama zawadi na umwambie ni zawadi.

Ukikopesha, andikeni karatasi moja: kiasi, tarehe za kurudisha, awamu, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Kwa mfano shilingi 300,000, awamu tatu za 100,000, kila tarehe 5. Kuandikiana hakupunguzi upendo. Kunazuia ugomvi wa “tulikubaliana hivi”. Mdaiwa akiona tarehe itamshinda, aseme kabla haijafika, aje na kiasi chochote alichonacho. Kinachomkwaza mdai mara nyingi si kuchelewa kwa fedha, ni kumwona mdaiwa anatoa sadaka kubwa mbele, au anazima simu kisha Jumapili anaongoza sifa.

Usitumie madhabahu, kwaya au ushirika wa maombi kuuza biashara au kusajili watu kwenye mchezo wa upatu. Mchezo wa “kupanda na kuvuna” wa taasisi iliyoitwa DECI, uliositishwa Tanzania mwaka 2009, ulitumia lugha ya shambani ambayo waumini waliizoea kanisani, na wengi walipanda akiba yao yote. Mtu aliyepoteza fedha kwa sababu ndugu yake katika Kristo alimhakikishia hupoteza na mengine pamoja na fedha.

10. Viongozi wafanye nini ili fedha za kanisa zisiwe kikwazo?

Paulo aliposafirisha mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alituma ndugu waliokubalika na makanisa, “tukitangulia kufikiri yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu” (2 Wakorintho 8:21). Kwa leo:

- Sadaka ihesabiwe siku ile ile, kanisani, na watu watatu wasio wa familia moja, wote wakitia sahihi kwenye daftari.
- Akaunti ya benki iwe na watia sahihi wawili au zaidi, na mchungaji na mkewe wasihesabiwe kuwa wawili.
- Namba ya simu ya kupokea sadaka isajiliwe kwa jina la kanisa. Fedha zikiingia kwenye simu ya mchungaji, hata akiwa mwaminifu kabisa, hana namna ya kuonyesha kwamba ni mwaminifu.
- Mchango wa kitu maalumu, kama bati au matibabu, utolewe taarifa yake: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki.

Sadaka isitozwe kwa vitisho vya laana. Mjane aliyetoa nauli yake kwa hofu, kisha akatembea kwa miguu kurudi nyumbani, anaweza asirudi.

11. Je, kupendelea matajiri ni kukwaza?

Ndiyo. Yakobo 2:1–4 inaeleza kisa chenyewe: mwenye pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame. Kwetu huonekana kwenye viti vya mbele, kwenye kusoma hadharani majina na viwango vya waliochanga, na kwenye misiba: wa mwenye gari unajaa wachungaji watano, wa mama muuza mboga anatumwa mzee mmoja. Wekeni utaratibu mmoja wa misiba na wagonjwa, uandikwe, ufuatwe kwa wote.

## Maneno na simu

12. Tunakwazanaje kwenye makundi ya WhatsApp?

Njia kubwa ni siri inayotoka ikiwa imevaa nguo za maombi: “Tumwombee dada fulani, ndoa yake ina shida.” Kabla ya kuandika, muulize mwenyewe: “Nikuombee mwenyewe, au niweke kwenye kundi? Niseme nini, nisiseme nini?” Asipojibu, usiweke.

Njia nyingine ni mabishano ya mafundisho na siasa mbele ya waumini wapya. Wao hawaoni hoja. Wanaona wazee wanatukanana. Msimamizi ahamishe mjadala huo kwenye simu ya watu wawili. Na mtu asitolewe kwenye kundi bila kupigiwa simu kwanza, kwa sababu wengine husoma kutolewa kule kama kutengwa na kanisa.

## Mambo magumu

13. Nikimridhisha mmoja, namkwaza mwingine. Nichague vipi?

Tazama nani yuko hatarini na Injili iko wapi. Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile (Matendo 16:3), lakini alikataa Tito asitahiriwe pale watu walipotaka kuifanya tohara kuwa sharti la wokovu (Wagalatia 2:3–5). Kitendo ni kile kile. Kwa Timotheo kilifungua mlango, kwa Tito kingeufunga. Petro naye huko Antiokia aliacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka Yerusalemu, na Paulo alimpinga mbele ya wote. Petro angeweza kusema anaepuka kuwakwaza wageni. Aliowakwaza ni wale aliowaacha mezani.

Basi ukiambiwa na muumini wa miaka mingi, “hilo linanikwaza, liache”, na unajua fika hatavutwa kulifanya wala hatapoa imani, huyo anataka kutawala. Mheshimu, lakini Wakolosai 2:16 inakataza watu kukuhukumu katika vyakula na vinywaji. Mchanga mwenye hofu mpishe; mfundishe taratibu, na akiisha kukomaa jambo lenyewe litapoteza makali.

14. Nimemkwaza mtu kweli. Nianzie wapi?

Mathayo 5:23–24 inamtuma mkosaji, Mathayo 18:15 inamtuma mkosewa. Usisubiri mwenzako aanze.

Nenda mwenyewe, mkiwa wawili. Litaje kosa kwa jina lake: “Nilisema siri yako kwenye kundi”, si “kama nilikukosea”. Usieleze sababu zako kabla hajasema yake. Rudisha kinachorudishika: fedha, au jina, na jina lirudishwe pale pale lilipochafuliwa. Kama ulimvuta kwenye dhambi, mwambie wazi kwamba wewe ulikosea kumvuta, kisha kaa karibu naye anapojikwamua.

Mambo huharibika pale mkosaji anapotuma ujumbe mrefu wa sauti badala ya kwenda, anapokwenda na mchungaji mara ya kwanza kabisa, au anaponukuu mistari ya msamaha ili kumlazimisha. Mpe muda.

15. Tunaambiwa tusiripoti uovu wa kiongozi “ili tusiwakwaze wachanga”. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo. Onyo kali kuliko yote katika jambo hili, la kufungiwa jiwe kubwa la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini, Yesu alilitoa akiwa amemsimamisha mtoto mdogo katikati yao (Mathayo 18:2–6). Linamhusu anayewakosesha wadogo, na kuficha uovu ni kuendelea kuwakosesha.

Mtoto akidhulumiwa kingono na mtu wa kanisa, msifanye kikao cha upatanisho. Mtoeni mtoto mahali hapo, apelekwe hospitali upesi iwezekanavyo bila kuogeshwa wala kubadilishwa nguo, na taarifa itolewe polisi. Tanzania vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Tanzania na Kenya namba 116 ni ya msaada kwa watoto. Mtuhumiwa asimamishwe huduma mara moja. Waumini wachanga huumia wakisikia habari hizi, lakini wakija kujua kwamba wazee walijua na wakanyamaza, huumia zaidi.

16. Mahubiri ya kweli yakimkwaza mtu, nipunguze makali?

Punguza ukali wako, si kweli yenyewe. Wanafunzi walimwambia Yesu kwamba Mafarisayo wamechukizwa na neno lake (Mathayo 15:12), naye hakulirudisha. Lakini kumtaja mshirika kwa mafumbo mimbarani, kila mtu akijua ni nani, si kuhubiri kweli. Mwenye kosa anaendewa nyumbani.

17. Wasio Wakristo je?

1 Wakorintho 10:32 inawataja nao. Ukiishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, mwezi wa Ramadhani usile mbele ya jirani aliyefunga kana kwamba hayupo. Kama ni Mwislamu anayeulizia habari za Kristo, kumwalika kwa mara ya kwanza kwenye meza yenye kitimoto kutafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

18. Niliyemkwaza amehama kanisa na hataki kuniona. Nifanye nini zaidi?

Tafuta mtu wa kati anayeaminiwa na yeye, si rafiki yako wewe. Mpe barua fupi inayotaja kosa bila kujitetea, bila kumwomba arudi. Usimfuate kwenye kanisa lake jipya, wala usimpigie mchungaji wake kumweleza “upande wako”. Akisemwa vibaya ulipo, mtetee. Na kama kuna deni, lilipe hata kama hapokei simu: tuma fedha kwa namba yake, na ujumbe wa mstari mmoja unaosema ni za nini.